Kabla Hamjauliza Nani Atamchukua Bibi

Hotuba ya muuguzi mstaafu mbele ya wazee na familia zao, wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, Siku ya Wazee Duniani. Imeandikwa kama ilivyosemwa, imepunguzwa kidogo.

Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, Mheshimiwa Diwani, masheikh na wachungaji wetu, mama zangu, na nyinyi wajomba mliojipanga kule nyuma karibu na pikipiki kama watu wanaosubiri mkutano uishe: itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimepewa dakika 20. Mwenyekiti ameweka saa yake mezani, nami nimeifunika na kitambaa.

Sijaja kuwaambia kwamba wazee ni hazina. Umoja wa Mataifa uliitenga Oktoba 1 kuwa siku yao mwaka 1990, na tangu hapo hazina hiyo tumeitaja sana, tukala pilau, tukatawanyika. Leo nataka tuzungumze kuhusu kikao. Kile kikao cha familia kinachoitishwa bibi akishaanguka, au akishapotea njia ya kurudi kutoka shambani, au jirani akishapiga simu Dar es Salaam kusema, "Jamani, mama yenu hali si nzuri."

Nimekaa kwenye vikao hivyo vingi. Uuguzi wa kijijini ndivyo ulivyo, unakwenda kusafisha kidonda, unaambiwa, "Nesi, kaa kidogo utusaidie mawazo." Na karibu vyote vinafanana. Swali la kwanza ni "Nani atamchukua bibi?" Mjomba mkubwa yuko Mbagala, anaongoza kikao kwa simu, spika imewashwa, simu imeegemezwa kwenye kinu. Mtandao unakatika anapofika kwenye maneno ya pesa. Mama mkubwa analia. Wa Masasi anasema nyumba yake haijaezekwa. Wa Mbagala, mtandao ukirudi, anaahidi elfu hamsini kila mwezi. Mwishoni inakubaliwa bibi abaki palepale alipo na watu wawe wanamwangalia. Dua inasomwa. Na bibi mwenyewe yuko chumbani, pazia limeshushwa, masikio yake mazima kabisa.

Jikoni kuna binti. Ana miaka 15 au 16, anapepeta mchele wa wageni. Hajaulizwa kitu. Lakini kila aliyekaa kwenye mkeka pale uwanjani anajua kwamba atakayemwangalia bibi ni yeye.

Ombi langu ni kwamba muanze upande mwingine. Kabla ya kujadili bibi atakaa nyumba ya nani, tajeni kazi zenyewe, moja moja, na mbele ya kila kazi mseme ni mikono ya nani. Mkimaliza hapo, suala la nyumba litakuwa dogo. Mara nyingi litajijibu.

Tuanze na usiku, maana mchana kila mtu ni mwema. Bibi wa miaka 80 mwenye sukari anaamka kwenda haja ndogo mara tatu, mara nne. Choo kiko nyuma ya nyumba, njia ina visiki, tochi betri zimekwisha. Nani anaamka naye? Familia nyingi zinanijibu, "Ataita." Haiti. Wazee wetu wana haya, bibi hataki kumkatiza mtu usingizi, atapapasa ukuta mwenyewe mpaka aanguke. Na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawatembei tena kama zamani. Mtauza mbuzi, mtakodi gari mpaka Mtwara mjini, kwa jambo ambalo ndoo yenye mfuniko chumbani ingelizuia. Ndoo, na fito za mianzi zilizofungwa kutoka mlangoni hadi chooni awe anashika. Na kiti cha mbao chenye tundu katikati, chini unaweka ndoo, bibi anakaa kwa heshima yake bila kuchuchumaa. Sisi ndio Wamakonde, dunia nzima inanunua vinyago vyetu. Kiti cha bibi kitushinde?

Kisha maji. Huku kwetu juu mnajua dumu linavyotafutwa wakati wa kiangazi. Mtu asiyeweza kuzuia haja anakula maji: ya kumwogesha, ya kufulia shuka, ya kufulia kanga, ya kusafishia chumba. Madumu manne kwa siku si kitu cha ajabu. Nimewahi kusikia familia ikibishana nusu saa juu ya nani atanunua sabuni ya mche. Nani atateka maji, hakuna aliyegusa.

Halafu kazi ambayo wengi hamuijui mpaka iwafike. Bibi akishafika hali ya kulala kitandani asiweze kujigeuza, anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hesabuni. Ni mara 12 kwa siku moja. Asipogeuzwa anapata vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo vinaua. Sisi tuliposoma tulifundishwa tutafute wekundu kwenye ngozi. Ngozi yetu sisi wekundu hauonekani vizuri, hasa ndani ya chumba chenye dirisha dogo. Kwa hiyo usitegemee macho, tumia mkono. Pitisha mgongo wa kiganja kwenye visigino, kwenye nyonga, na pale chini ya mgongo mfupa unapojitokeza. Ukikuta joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva upande mmoja, au rangi imekolea kuliko ngozi ya jirani, ujue kidonda kimeshaanza ndani na juu bado hakijafunguka. Hapo usipasugue, usipake majivu wala dawa ya meno. Usimlaze upande ule. Kausha vizuri mikunjo yote, tandika kanga bila makunyanzi, na umwone mhudumu wa afya mapema.

Na aliyepata kiharusi, anapolishwa akae wima. Msimlishe amelala. Maji matupu yanamwingia njia ya hewa kirahisi, uji mzito kidogo unashuka vizuri zaidi. Kijiko kidogo, umngoje ameze, na baada ya kula abaki amekaa kama nusu saa. Mlishaji mwenye haraka ya kuwahi shambani hafai kazi hii hata akiwa na mapenzi namna gani.

Nimezitaja kazi hizi kwa urefu makusudi, ili tunaposema yule binti wa jikoni ataziweza, tujue tunasema nini. Toka Januari 2016 elimu ya sekondari mpaka kidato cha nne haina ada. Mzazi hawezi tena kusingizia ada. Lakini binti aliyemgeuza bibi yake saa nane za usiku na saa kumi za usiku atasinzia darasani, ataanza kukosa Jumatatu, baadaye atakosa wiki, na mwisho mwalimu mkuu ataandika "mtoro". Huyo si mtoro. Ana zamu, na zamu hiyo mmempa nyinyi bila kumwambia.

Sasa nitasema jambo ambalo najua halipendwi. Anayemlea bibi alipwe.

Naona minong'ono. Mtaniambia, "Nesi, radhi za wazee hazilipwi." Ni kweli. Basi mbona wa Mbagala hatukumwomba radhi, tulimwomba elfu hamsini? Tunakubali kabisa kwamba aliye mbali atoe pesa kwa sababu hatoi mikono. Kwa nini anayetoa mikono asipewe pesa? Mwanamke aliyeacha genge lake la mihogo na samaki ili akae na mama yake amepoteza riziki. Mrudishieni. Kama ni mjukuu aliyemaliza shule na hana kazi, mwekeeni kiasi kinachojulikana na siku inayojulikana. Na kama mnamtafuta mtu wa nje, msimlete mtoto wa ndugu masikini kwa kisingizio cha kumsaidia.

Pesa itoke wapi? Itoke kwa bibi. Bibi zetu wengi wa huku si masikini kama mnavyowasema mnapoomba michango. Wana mikorosho. Mwaka 2024 mnada wa kwanza bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, mnakumbuka shangwe zile. Tusihesabu kwa bei ya shangwe. Chukueni bibi anayepata kilo 400, na baada ya makato na gharama za palizi na za kuokota abakiwe na shilingi 2,000 kwa kilo. Hiyo ni 800,000. Igaweni kwa miezi 12, mnapata zaidi kidogo ya 66,000 kila mwezi. Haitoshi kila kitu, lakini mlezi anapata chake, sabuni inapatikana, na ile elfu hamsini ya Mbagala ikifika inakuta jambo limeshasimama.

Jiulizeni basi korosho za bibi za msimu uliopita zilikwenda wapi. Naona wengine wanaangalia chini. Lile bati jipya ni zuri, hongera. Liko juu ya nyumba ya nani?

Wenzetu Zanzibar tangu 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 anapata pensheni jamii, awe na mtoto tajiri au hana mtoto kabisa. Bara hatujafika huko. Huku pensheni ya mzee ni mti wake, na mti huo una njia nyingi za kumponyoka. Shamba linasajiliwa kwa jina la mtoto, basi salfa, ile dawa ya mikorosho, inatoka kwa jina la mtoto na malipo yanaingia akaunti ya mtoto. Au akaunti ni ya bibi mwenyewe ila kadi iko mfukoni mwa mjukuu, na namba ya siri anaijua mjukuu. Au bibi anapelekwa kwenye mashine aweke kidole, na vidole vilivyoshika jembe miaka 60 mashine inavikataa, mpaka mtu mwingine "anamsaidia". Sisemi wote ni wezi. Nasema weka utaratibu ili mwaminifu asishukiwe. Mwenye kadi na mwenye daftari wawe watu wawili tofauti, na daftari lisomwe kwa sauti bibi akiwepo. Ruzuku ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, kama anapata, iandikwe humohumo.

Na hatari kubwa iko katikati ya mwaka. Korosho zinauzwa Oktoba, Novemba. Bibi anaugua Julai, Agosti, wakati nyumba haina hata mia. Ndipo anakuja mtu wa kangomba na noti mkononi, ananunua korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kulilia. Mkifika mnadani bibi hana kitu, na mnasema msimu ulikuwa mbaya. Mkigawa pesa ya mnada kwa miezi 12 kama nilivyosema, mnaziba mlango huo. Tengeni sehemu ya miezi ya njaa kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kitu kingine chochote, hata sare za ngoma za unyago. Najua nimegusa pabaya, tuendelee.

Kabla kikao hakijakaa, bibi akapimwe. Hili ningepaswa kulitanguliza. Kuna mambo tunayaita uzee ambayo ni ugonjwa unaotibika, na familia inaamua kumhamisha mtu kwa sababu ya kitu cha kutibu. Familia moja ilikuwa imeshapanga kumpeleka babu yao Masasi kwa binti yake kwa sababu haoni, hawezi kujipikia, anagonga milango. Ilikuwa mtoto wa jicho. Akafanyiwa upasuaji, akarudi kwake, na mtu wa kwanza aliyemsema vibaya ni fundi aliyemjengea uzio, kwa vile sasa aliuona umepinda.

Macho, masikio, presha, sukari, meno. Na dawa: mwambieni alete zote anazokunywa, hata za mfuko wa nailoni zisizo na jina. Kidonge cha presha kinanywewa kila siku kama kilivyoandikwa, kichwa kiume kisiume. Wazee wengi wanakinywa siku ya kichwa tu, wakipata nafuu wanakihifadhi, na kiharusi kinawakuta kabati limejaa vidonge.

Na akianza kuchanganyikiwa, angalieni imekujaje. Ikija ghafla, ndani ya siku mbili tatu, juzi alikuwa anataniana na wajukuu na leo hajui yuko wapi, huo si uzee. Inaweza kuwa malaria, yutiai yaani maambukizi ya njia ya mkojo, maji kupungua mwilini, au dawa zisizopatana. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Ikija taratibu, miezi na miaka, anasahau chungu jikoni, anauliza jambo lilelile, anavaa kanga tatu, mara nyingi huo ni ugonjwa wa ubongo, na mtaishi nao. Bibi wa namna hiyo atauliza babu amekwenda wapi, naye babu alishafariki. Msimjibu kila siku kwamba amekufa. Kila mkimwambia anafiwa upya. Mwambieni, "Bibi, hebu tusimulie alikuoaje." Atasimulia, tena kwa raha. Na yeyote anayenong'ona kwamba bibi anazunguka usiku kwa sababu ni mchawi, mnyamazisheni mapema, kabla neno halijafika kilabuni kwenye uraka.

Gharama: Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza ana haki ya matibabu bila malipo. Hospitali zetu nyingi zina dirisha la wazee. Lakini haki hiyo inataka mzee awe ametambuliwa na kuandikishwa, na mara nyingine utaandikiwa dawa ukanunue nje. Andikisheni sasa, akiwa mzima. Kuandikisha mtu aliyezimia ni shida.

Sasa hao wa Mbagala. Nawapenda, wengine nimewazalisha mama zao. Mtu akiona uchungu kwamba mama yake anateseka kijijini, wazo la kwanza ni "Njoo naye huku." Mimi naogopa wazo hilo. Naona chumba kimoja cha kupanga, watu wanaondoka alfajiri kwenda Kariakoo, bibi anafungiwa ndani na runinga inayosema asichokielewa. Huku alikuwa anasalimiwa na watu 40 kabla ya saa nne asubuhi. Dar ni pazuri kwa matibabu, mpelekeni, atibiwe, arudi. Kukaa moja kwa moja kuwe kwa ombi lake mwenyewe. Wapo wanaoomba: namjua babu mmoja yuko huko, amepata baraza la bao, na ukimtajia kurudi anabadilisha mazungumzo.

Na wale wanaosema, "Abaki kijijini, likitokea jambo tutakuja," wakumbuke Mei 2024. Mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, mabasi yakalala njiani, na aliyekuwa Dar na mama mgonjwa Tandahimba hakuwa na la kufanya zaidi ya kupiga simu. Daraja la Mkapa tulilopata 2003 limetuzoesha kuona Dar ni pale tu. Mpango wa bibi usitegemee mtu aliye ng'ambo ya Rufiji kwa jambo lolote linalotakiwa leo hii. Yeye awe wa pesa, na wa likizo: aje mwezi mmoja kwa mwaka akae na bibi yeye mwenyewe, mlezi apumzike. Alale chumba kilekile, aamke saa nane za usiku. Mwezi huo mmoja utapunguza sana ushauri wake wa simu.

Niseme kidogo juu ya babu, maana nimesema bibi, bibi. Kwa sisi wengi wa huku, Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na zamani mume ndiye aliyehamia kwa mke. Siku hizi mambo yamechanganyika, lakini babu aliyekuja kuoa hapa miaka 50 iliyopita bado yupo. Mke amefariki. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, shamba ni la ukoo wa mama yao, na ndugu zake yeye wako Nanyumbu huko. Kikao kikiitishwa, kila upande unautazama mwingine. Hakuna anayemfukuza, na hakuna anayempelekea uji. Wajomba, hapa ndipo mnapotakiwa. Mila inayowapa nyinyi neno la mwisho juu ya watoto wa dada zenu iliwapa pia wajibu. Yule mzee aliwalimia mashamba yenu. Tumeni ujumbe kwao, kaeni pande mbili, mwamue atazeekea wapi, angali na nguvu ya kusema.

Na kuoga. Babu ataogeshwa na nani? Mkwe mwanamke kumwogesha baba mkwe ni aibu kwa wote wawili, na binti yake wa kumzaa vilevile anaona tabu. Nimekuta mzee hajaoga wiki mbili kwa sababu hakuna aliyethubutu kulitaja. Lakini tuna utani wa babu na mjukuu. Mjukuu wa kiume anaweza, tena kwa kelele na vicheko: "Leo nakutakatisha, bibi harusi anakuja!" Babu anatukana, anaoga, kazi imeisha. Vijana, kumwogesha babu yako hakukupunguzii uanaume. Unateka maji, unamshika, unamfunika taulo usiangalie pasipokuhusu, umemaliza.

Mzee mmoja pale mbele amenyoosha mkono tangu mwanzo. Karibu baba.

Ameuliza, tena kwa ukali, kama nataka wazee wapelekwe kwenye makazi ya serikali, maana mimi naongea habari za kulipana kama Wazungu.

Hapana, baba. Yale makazi, kama ya Rasbura kule Lindi yanayotajwa sana huku, yaliwekwa kwa ajili ya wasiojiweza wasio na ndugu wa kuwatunza. Kwa mtu ambaye kweli hana mtu, ni stara, na mimi ningemsindikiza mwenyewe. Hayakuwekwa kwa mtu mwenye watoto saba na wajukuu 30. Ila nikujibu na upande wa pili. Yupo bibi mwenye watoto saba anayekaa na njaa kuliko aliye kwenye makazi, na ndugu wote wanasema, "Kwetu hatutupi wazee." Kulipana kunakochukiza ni kule kwa kuondoa lawama. Kulipana ninakosema ni kwa kumfanya mlezi asichoke akaanza kumfokea bibi. Nimeona binti mpole kabisa akigeuka mkali ndani ya miezi sita, kisa usingizi.

Lililobaki ni la bibi mwenyewe. Kikao kikikaa, bibi atolewe chumbani, awekwe kwenye mkeka mzuri, na aseme wa kwanza, kabla ya mjomba, kabla ya simu ya Mbagala. Akisemeshwa wa mwisho atakubali tu yaliyokwisha kuamuliwa, kwa heshima. Mumuulize anataka kulala wapi, anataka nani amwogeshe, na nani hataki amguse. Mumuulize anaogopa nini. Wengi wanaogopa kuhamishwa kwa sababu hawataki kuzikwa ugenini, na mkiwaahidi mapema kwamba watarudishwa kulala karibu na mama zao, wanalegea. Bibi mmoja alipoulizwa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema anataka komeo lihamishiwe ndani. Familia ilikuwa inamfungia kwa nje wakienda shambani, kwa usalama wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria moto, au nyoka, au haja tu. Komeo lilihamishwa jioni ileile, na jirani akaombwa awe anapita saa nne na saa nane za mchana.

Akitaka jambo lisilowezekana, mwambieni haliwezekani na kwa nini. Ana akili zake. Na mkishaamua, wekeni siku ya kukaa tena, miezi mitatu mbele, kwa sababu bibi wa Januari siye bibi wa Aprili.

Mwenyekiti ameshafunua saa yake. Afisa ustawi wa jamii yuko pale mezani chini ya mkorosho na daftari: mwenye mzee wa miaka 60 na kuendelea ambaye hajaandikishwa aende sasa, na kitambulisho cha mzee kama kipo. Wanaouguza mtu aliyelala kitandani msiondoke. Tutatandika mkeka, nitaonyesha namna ya kumgeuza mtu bila kujivunja mgongo, na namna ya kubadilisha shuka akiwa juu yake. Nahitaji mtu mmoja wa kulala na wawili wa kugeuza. Akina mama wengi wenu mnaijua kazi hii, pumzikeni. Wajomba, zimeni pikipiki, mje mbele.